Nairobi Si Stage Tu: Masaa Sita na Mathe Tao

Wacha nianze na swali. Mzazi wako amepita Nairobi mara ngapi? Sio kuishi, kupita. Kutoka ushago kwenda Mombasa, kutoka Mombasa kurudi ushago, kuja hospitali, kuja kuona mtoto wa dada yake akimaliza shule. Mara ngapi? Sasa swali la pili: katika hizo safari zote, aliona nini?

Mathe wangu amepita Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mzee alikuwa anafanya vibarua bandarini Mombasa, sisi tukiwa Kakamega, kwa hivyo kila likizo ndefu tulikuwa tunapanda basi la usiku, tunashuka Nairobi alfajiri, tunangoja lingine. Hiyo "Nairobi" yetu ilikuwa ni Machakos Country Bus, ile watu wanaita Machakos Airport. Nakumbuka vitu vitatu: moshi, mkate na soda, na mkono wa Mathe ukinishika mpaka vidole vinauma. "Usiachilie mkono. Hii Nairobi watakubeba." Saa sita, saa saba, tumekaa juu ya gunia letu tukiangalia watu wakipita. Halafu basi linakuja, tunaenda.

Miezi michache iliyopita dada yangu alijifungua huko Mombasa na Mathe akasema anaenda kumsaidia. Basi lake lingefika Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano. Treni ya SGR ilikuwa ya saa tisa alasiri. Ukitoa muda wa kufika Syokimau mapema, kukaguliwa mizigo na hiyo mistari yote, nilikuwa na kama masaa sita na yeye tao.

Mimi naishi Nairobi. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu siku hiyo mimi na Mathe tulikuwa tunaongea kama watu wa ofisi. "Umeamka vipi." "Poa, mama." "Haya." Basi. Kwa hivyo hayo masaa sita hayakuwa matembezi tu. Nilitaka aone kwamba nimeshika maisha.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Plani ya kwanza ilikuwa ya kamera

Nilikuwa nimepanga video. Sehemu kumi, masaa sita, muziki mzuri nyuma yake. Wewe unazijua hizo video. Mimi nazitengeneza, na zinalipa rent yangu, kwa hivyo sitajifanya mtakatifu. Mtu anakimbia kutoka jengo moja hadi lingine, sekunde nne hapa, sekunde nne pale, kahawa yenye picha ya moyo juu yake, mwisho.

Ya kwanza kwenye listi ilikuwa mkahawa fulani mkali. Siutaji jina. Walikuwa wameniahidi kiamsha kinywa cha bure nikiwapost. Ofa ilikuwa ya mtu mmoja.

Tukafika. Mathe amevaa leso juu ya sweta, viatu vina vumbi la ushago, gunia lake mkononi: njugu, unga wa wimbi, na mboga kavu za kumpelekea mzazi. Mlinzi akanipitisha mimi bila neno, yeye akamsimamisha afungue gunia mpaka chini. Ndani, mhudumu akanipa mimi menyu, yeye hakupewa. Chai ikaja kwenye kikombe kidogo, maziwa pembeni kwenye kitu kama kifuniko cha dawa ya kikohozi. Mathe akaniangalia. "Hii chai mnaichanganyia mezani?"

Mimi nilikuwa busy na simu. Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza usikule, nipige picha."

Akangoja. Mandazi yake ikapoa, sijui wanaiitaje kwenye menyu lakini ilikuwa mandazi. Nilipomaliza picha, yeye alikuwa ameshafungua mfuko wa njugu chini ya meza, anakula polepole, akiangalia nje. Kutoka Kakamega usiku mzima kwenye basi, na mimi nimemnyima chai ya moto ili watu nisiowajua waone povu.

Bili yake ilikuwa shilingi 1,150. Chai na mandazi mbili. Niliilipa mimi na uso wa mtu aliyezoea. Sikuwa nimezoea.

Tulipotoka alisema kitu kimoja tu: "Sasa turudi stage tukangojee huko, ama?"

Manze hiyo iliniuma. Kwa sababu alikuwa anamaanisha. Kwake, Nairobi ilikuwa na sehemu mbili: stage, na hizi sehemu za watu wengine. Na mimi mtoto wake, ninayejiita mwenyeji, nilikuwa nimetoka kumthibitishia.

Hoja yangu ni hii

Sisi vijana tunaotengeneza video za miji tunawadanganya watu. Sio kwa kusema uongo. Tunawadanganya kwa kuonyesha mji kama kitu cha kununua. Ukiangalia video zetu unaweza kufikiri kuona Nairobi ni mambo ya elfu tano kwenda juu, na kula vizuri ni mahali ambapo sahani ni kubwa kuliko chakula. Kwa hivyo mtu mwenye masaa sita na elfu moja mfukoni anaamua hiyo si yake. Anakaa juu ya gunia.

Na huyo mtu ni wengi. Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka wa 1899, mahali pa kusimama tu kati ya Mombasa na ziwa, penye maji baridi ambayo Wamaasai waliyaita Enkare Nairobi. Huu mji ulizaliwa ukiwa stage. Wapitaji ndio wenyeji wake wa kwanza. Inakuwaje sasa mpitaji ndiye anajiona hana haki ya kuuona?

Nilimwambia Mathe hatutarudi stage. Tukaenda kuacha gunia ofisi ya basi alilokuja nalo, soo moja, wakatupa risiti. Hii ni siri ya kwanza na hakuna video inakuambia: huwezi kuona mji ukiwa na mzigo. Ulizia ofisi ya basi lako, nyingi zina mahali pa kuweka mizigo. Weka risiti vizuri, beba vitu vya thamani na vitambulisho mwenyewe. Halafu nikazima kamera nikaiweka ndani.

Kilomita mbili zinatosha

Kosa kubwa la watu wenye masaa machache ni kutaka kuona kila kitu. Unataka mbuga, unataka twiga, unataka Karen, unataka Westlands. Utaona foleni ya magari, basi. Chagua sehemu moja unayoweza kuizunguka kwa miguu. Kwa Nairobi, sehemu hiyo ni tao yenyewe.

Tulianzia Archives, lile jengo la zamani la mawe kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street. Wasee, mara ngapi umemwambia mtu "tupatane Archives" na hujawahi kuingia? Mimi nilikuwa sijaingia. Miaka minne Nairobi, nimesimama nje ya huo mlango labda mara mia mbili. Ilikuwa benki zamani, sasa ni hifadhi ya nyaraka za taifa, na chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya mwaka wa 1966 na akajiuzulu mwaka huohuo. Yeye na mke wake Sheila walikusanya vitu kutoka kila pembe ya Afrika: vinyago, vitambaa, silaha, viti, mapambo. Ada ya kuingia ni ndogo kushinda sahani ya chips.

Mathe alisimama mbele ya kiti kimoja cha miguu mitatu kwa muda mrefu. Akasema babu yake alikuwa na kama hicho, alikatazwa kukikalia akiwa mtoto, akakikalia, akachapwa. Mimi sikuwa najua hiyo stori. Sikuwa najua hata babu yake alikuwa na kiti. Tulikaa ndani karibu saa nzima na hakuna mtu alitukimbiza.

Ukitoka tu hapo, sanamu ya Tom Mboya iko karibu. Iliwekwa 2011, si mbali na pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Nilidhani nitamweleza Mathe. Ndiye alinieleza. Mzee wake alikuwa na picha ya Mboya ukutani. Akaniambia juu ya zile ndege za wanafunzi kwenda Marekani, ya kwanza 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Alisema wazazi waliuza ng'ombe, waliuza mahindi, vijiji vizima vilichanga.

Halafu akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, kwa sababu Mathe aliuza ng'ombe wawili nikienda chuo.

Baadaye kidogo akasema, "Wale walipanda ndege na wazazi wao hawakujua watarudi na nini."

Nikasema, "Ndio, mama."

"Wewe hata ndege hukupanda."

Akacheka. Nami nikacheka, lakini macho yalikuwa yananiwasha. Akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza kwa simu: hii kazi ya simu inalipa ngapi? Nikamwambia ukweli. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimepata 11,400. Hakunikemea. Aliuliza nyumba ni ngapi, chakula ni ngapi, nikimtumia pesa huwa natoa wapi. Tuliongea hiyo hesabu kutoka Moi Avenue mpaka KICC, tukitembea. Hizo ndizo dakika kumi za ukweli zaidi tulizowahi kuwa nazo tangu niache shule, na hazikupangwa. Nadhani ni rahisi kuongea mambo magumu mkiwa mnatembea, mmeangalia mbele.

Juu ya KICC

KICC wote tunaijua, iko kwenye noti, iko kwenye kila picha ya Nairobi. Ilikamilika 1973, urefu wa mita 105, na iliyochorwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway pamoja na David Mutiso, msanifu Mkenya. Unalipa, unapanda lifti, unamalizia na ngazi mpaka kule juu ndege za helikopta zingetua. Angalia bei na kama pako wazi kabla ya kwenda, maana mambo hubadilika, na beba kitambulisho upate bei ya Mkenya.

Nilidhani ataogopa. Alishika ukuta kama dakika mbili, halafu akaanza kuuliza maswali. Ile mbuga iko wapi? Ile barabara ya kwenda nyumbani ni gani? Halafu: "Stage iko wapi?"

Nikamwonyesha. Machakos Airport, kule upande wa chini, paa za mabati na mabasi madogo kama vibiriti.

"Ni karibu hivyo?"

"Ni karibu, mama. Ungetembea."

Aliangalia hapo kwa muda. Zaidi ya miaka ishirini ya kukaa pale juu ya gunia, na haya yote yalikuwa mwendo wa nusu saa. Hakusema kitu kizito, Mathe si mtu wa maneno mazito. Alisema tu, "Na tulikuwa tunawaambia nyinyi mtulie."

Hiyo ndio sababu naandika hii. Hakuna mtu alimfungia Mathe stage. Hakukuwa na polisi mlangoni. Pesa ilikuwa kidogo, ndio, na watoto wawili, na mizigo, na hofu ya kuibiwa ambayo si ya uongo. Lakini zaidi ya hayo yote, hakuna mtu aliwahi kumwambia: mama, hapa pia ni pako, toka utembee. Kila tangazo, kila kitabu cha watalii, kila video ilikuwa inaongea na mtu mwingine.

Sasa kula

Nilimwuliza anataka kula nini. Akasema chochote. Wazazi wetu wakisema chochote wanamaanisha kitu cha bei rahisi kabisa. Usikubali hiyo jibu, lakini pia usimpeleke kwenye povu.

Kanuni yangu sasa ni hii. Kula pale mtu anayefanya kazi mtaa huo anakula. Angalia saa sita mchana: mafundi, makarani, watu wa duka, askari wa gari, wako wapi? Kama kuna mstari na sahani zinatoka haraka, chakula ni fresh kwa sababu hakina muda wa kulala. Kama uko peke yako na menyu ina picha za kung'aa, fikiria tena.

Ya pili: kula kitu ambacho hutapata unakoenda. Mathe alikuwa anaenda Mombasa. Pilau na mahamri atakula huko mpaka achoke, na wale watu watamshinda kupika, tukubali. Kwa hivyo swali lilikuwa, chakula cha Nairobi ni kipi?

Watu husema Nairobi haina chakula chake. Mimi nakataa. Chakula cha Nairobi ni kila mtu aliyepita akaacha kitu. Chapati ilikuja na Wahindi, wengine wao katika wale zaidi ya elfu thelathini walioletwa kujenga reli, wengine wafanyabiashara waliofuata. Leo chapo madondo ni ya kila mtu, na hakuna anayeiita chakula cha kigeni. Viazi bhajia za Ngara zina historia hiyohiyo. Mutura imeshuka kutoka mlimani. Wali na nyama kwa ndizi pembeni, hiyo nenda Eastleigh kwa Wasomali. Samaki ametoka ziwani usiku, kama Mathe.

Kutoka KICC tulipitia Kimathi Street, tukasimama kwa Dedan Kimathi mwenyewe, pale tangu 2007, miaka hamsini baada ya Waingereza kumnyonga Februari 1957. Tukapita Banda Street, maktaba ya McMillan na simba wake wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, na enzi hizo mtu kama Mathe hangeruhusiwa kuingia kusoma, ilikuwa ya Wazungu. Msikiti wa Jamia uko papo hapo jirani. Hayo yote ni bure, na yote yako njiani ukienda kula.

Tukafika City Market, Muindi Mbingu Street. Mbele maua na vinyago, nyuma nyama na samaki. Onyo: watu wa vinyago watakuita "customer" na kukushika mkono, sema asante na usisimame kama hununui. Sisi tulienda kwa samaki. Unachagua wako kwa macho, wanamkaanga, wanamtia kwenye supu ya nyanya ukitaka, anakuja na ugali na sukuma au mboga za kienyeji. Mathe alimkagua yule samaki kama daktari. Alimfungua mashavu, akakataa wa kwanza, akakataa wa pili. Yule mama wa samaki akacheka, akamwambia, "Huyu mama ni wa kwetu." Wa tatu akapita.

Tulikula kwa mikono. Mathe alimaliza kichwa, mimi siwezi kichwa. Sikupiga picha hata moja, kwa hivyo itabidi uniamini. Alikula vizuri. Aliomba maji ya moto, akaletewa bila kuulizwa mara mbili. Hakuna aliyekagua mfuko wake.

Bili ikaja, 900 kwa watu wawili, na soda. Nikaingiza mkono mfukoni. Mathe alikuwa ameshafungua fundo la leso. "Weka," akasema. "Hiyo elfu kumi na moja yako tumeshaihesabu." Nilibishana. Unajua jinsi hiyo huishia. Alilipa.

Na ndio, mutura hakupata. Mutura ni ya jioni, wale wasee huwasha makaa kuanzia saa kumi hivi. Ukipita Nairobi jioni, hiyo iko juu yako, ukatiwe na kachumbari, pilipili kwa hiari yako.

Mahali pa mwisho

Nilimwacha Jeevanjee Gardens kwenye benchi nikakimbilia gunia. Hiyo bustani ilitolewa kwa watu wa Nairobi na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi, mwaka wa 1906, na ni ya bure mpaka leo. Nilivyorudi nilimkuta anasikiliza mhubiri upande mmoja na wazee wakibishana siasa upande mwingine, na ameshapata rafiki, mama wa Vihiga anayengoja basi la jioni. Alikuwa anamwambia, "Hata KICC mtu anapanda, ni vile tu hatujui." Mathe amekuwa mwenyeji ndani ya masaa matano.

Tuliposhuka Moi Avenue kwenda stesheni ya reli, tulipita ile bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998. Nilikuwa nimepanga tusiingie, muda ulikuwa mfupi. Yeye ndiye alisimama. Siku tatu kabla ya ile bomu, alikuwa amepita Nairobi akiwa na dada yangu mgongoni. Huyo dada ndiye sasa mama mpya.

Aliingia akasoma ukuta. Watu 213 walikufa hapa Nairobi siku hiyo. Wengine walikuwa kazini, wengine kwenye magari, wengine kwa miguu tu. Alisoma jina baada ya jina, akifuata na kidole, mpaka nikamwambia treni. Tukitoka akasema, "Wengine walikuwa wanapita tu." Sikuwa na la kujibu.

Najua utaniambia nini

Utaniambia Nairobi si salama. Ni kweli, kuna wizi. Simu ndani, mfuko mbele, usihesabu pesa barabarani, tembea mchana, usifuate mtu anayekupa mchele wa bei ya chini. Ukiuliza njia, uliza mtu wa duka na si mtu anayekufuata. Lakini kukaa stage masaa saba na mizigo yote si usalama pia. Ulizia walioibiwa, wengi waliibiwa wapi.

Utaniambia wazee huchoka. Ndio. Kwa hivyo mahali tano, si kumi, na kukaa kila baada ya muda. Benchi ya Jeevanjee ilikuwa na kazi kubwa kuliko mkahawa wote ule.

Utaniambia hakuna doh. Mambo yote ya hiyo siku baada ya ule mkahawa, kuweka mzigo, viingilio vyetu wote wawili, chakula, hayakufika thao tatu. Ukiondoa KICC inashuka zaidi. Ukiwa na soo tano pekee, nenda Archives, tembea Kimathi Street mpaka Jeevanjee, kula chapo madondo kwa kibanda, na umeona Nairobi zaidi ya watu wengi waliozaliwa hapa.

Na wenzangu wa kamera, hii ni yenu na yangu. Video ile sikuitoa. Ule mkahawa ulinitumia ujumbe mara mbili ukiuliza posti yao iko wapi, nikawaambia ukweli, na sidhani watanialika tena. Nitapunguza mapato kidogo, sitawadanganya kwamba haiumi. Lakini nimeanza mfululizo mpya: masaa machache, mji mmoja, thao moja, kwa mtu anayepita. Wa kwanza ni Nakuru. Kama mji wako hupitwa tu, niandikie kule mtu anapaswa kula na kule anapaswa kukaa.

Mathe alifika Mombasa salama usiku huo. Hajakubali kwamba niliacha shule, bado anauliza kama naweza kurudi, na sina jibu zuri. Lakini siku hizi hapigi simu kwa sauti ya ofisi. Wiki iliyopita alipiga kuniambia anarudi Kakamega mwezi ujao na treni ya asubuhi, na kwamba basi la nyumbani litakuwa la usiku.

"Kwa hivyo nitakuwa hapo jioni," akasema. "Ile mutura."